Deni la Msomaji wa Habari za Vita

Tarehe 3 Aprili 2003, vita vya Iraki vikiwa na wiki mbili, gazeti la Washington Post lilichapa habari ya askari wa kike wa miaka 19 aitwaye Jessica Lynch. Msafara wake ulikuwa umeshambuliwa mjini Nasiriyah tarehe 23 Machi, wenzake 11 wakafa, yeye akachukuliwa mateka, na siku mbili kabla ya gazeti kutoka makomando walikuwa wamemtoa hospitalini alikolazwa. Gazeti liliandika, kwa kuwanukuu maofisa ambao halikuwataja majina, kwamba binti yule alipigana mpaka risasi zikamwishia, kwamba alipigwa risasi na kuchomwa kisu, na kwamba hakutaka kukamatwa akiwa hai. Jua halijachwa, habari ilikuwa imezunguka dunia. Kila aliyeisoma alikuwa na mtu wa kumsimulia.

Haikuwa hivyo. Bunduki yake ilikwama, hakufyatua hata risasi moja. Mwilini hakuwa na jeraha la risasi wala la kisu. Mifupa yake ilivunjika gari alimokuwa lilipogonga lori. Waliomhudumia akiwa mateka walikuwa madaktari na wauguzi wa Kiiraki, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa karibu kila kitu. Washington Post lenyewe liliisimulia upya habari hiyo, kwa kirefu, tarehe 17 Juni. Lakini Juni, Rais Bush alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mapigano makubwa yamemalizika, na wasomaji walikuwa wamehamia kwingine.

Mwezi Aprili 2007 Jessica Lynch alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kueleza yaliyompata. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimdai lolote. Uongo ule ulikuwa umempa jina, sifa na mapenzi ya taifa zima. Yeye akasema haelewi kwa nini watu walichagua kumtungia ushujaa ilhali wenzake, akiwemo rafiki yake Lori Piestewa aliyefariki, walitenda mambo ya kishujaa ya kweli siku ile ile. Mtu aliyefaidika zaidi na habari ya uongo ndiye aliyeikana hadharani. Kwangu mimi huo ndio ushujaa alioupata, na aliupata miaka minne baada ya kupewa ule wa bandia.

Ndugu msomaji, tuna mazoea ya kuwalaumu waandishi, na lawama wanastahili, nitaifikia. Ila leo nataka nizungumze na wewe uliyesoma, ukamgeukia mwenzako ukasema, “Umesikia?” Anayepokea habari ya vita na kuipitisha mbele amekopa. Amechukua neno ambalo bado halijathibitika akalitumia kama mali yake. Deni hilo hulipwa kwa kufuatilia: kesho, kesho kutwa, mtondo, na pengine miezi mitatu baadaye, makosa yanapoanza kujitokeza. Wengi wetu hukopa siku ya kwanza na siku ya pili tumekwisha kusahau kwamba tunadaiwa.

Tuzipitie siku za vita vile, maana vina mafunzo mengi.

Mabomu yalianza kuanguka Baghdad alfajiri ya tarehe 20 Machi. Kesho yake tukaambiwa bandari ya Umm Qasr imetekwa. Kesho kutwa yake tukaambiwa tena imetekwa, huku picha za televisheni zikiwaonyesha askari wamelala kifudifudi wakirushiana risasi na watu waliojificha majengoni. Ikatekwa mara kadhaa bandari hiyo, kwenye karatasi, kabla haijatekwa ardhini. Siku hizo hizo ikatangazwa kwamba divisheni ya 51 ya jeshi la Iraki, yenye maelfu ya askari, imejisalimisha kusini pamoja na kamanda wake. Siku chache baadaye kamanda akaonekana kwenye televisheni ya Al Jazeera akisema yupo Basra na watu wake. Tarehe 25 Machi ikawa zamu ya Basra yenyewe: wananchi wameasi, wameingia mitaani. Mwandishi wa Al Jazeera aliyekuwa ndani ya mji akaripoti kwamba mitaa imetulia. Waingereza waliingia Basra tarehe 6 Aprili, karibu wiki mbili baada ya uasi huo kutangazwa.

Ukiuliza habari hizo zilitoka wapi, utakuta mahali patatu. Mamia ya waandishi walisafiri na majeshi. Walilala kwenye magari ya askari, wakala chakula cha askari, na uhai wao ukawa mikononi mwa vijana wale wale waliotakiwa kuwaandika. Wengine walikaa Qatar, kwenye ukumbi wa makao makuu ya jeshi la Marekani, wakisubiri jenerali apande jukwaani na ramani zake. Wengine walikuwa hotelini Baghdad, wakifuatwa kila hatua na watumishi wa Wizara ya Habari ya Saddam. Kila mmoja aliona kipande. Mwenye kifaru aliona jangwa na moshi, wa Qatar aliona ramani, wa Baghdad aliona kile alichoruhusiwa kuona na kile ambacho hakikuweza kufichwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa waambaji walikuwa na majeshi.

Silalamiki kwamba waliona vipande. Binadamu hawezi kuona zaidi ya pale aliposimama. Kosa lilikuwa la mhariri aliyekichukua kipande akakiandikia kichwa cha habari kana kwamba ni vita vyote, na kosa la pili likawa letu, tuliosoma kichwa cha habari tukaacha ule mstari wa nne unaosema “kwa mujibu wa msemaji wa jeshi.” Nakuomba, ndugu yangu, ukisoma habari ya vita, anza na mstari huo. Nani kasema? Alikuwepo? Anapata nini nikimwamini? Hayo hayahitaji elimu ya chuo kikuu. Mama anayesuluhisha ugomvi wa watoto huyauliza kila siku.

Sasa nije kwenye maradhi yanayonisumbua zaidi, nayo ni ushabiki.

Wengi tuliokuwa watu wazima mwaka 2003 tunamkumbuka Mohammed Saeed al-Sahhaf, waziri wa habari wa Iraki, na kofia yake nyeusi ya kijeshi. Mpaka tarehe 8 Aprili, vifaru vya Marekani vikiwa vimekwisha kuingia Baghdad, yeye alikuwa akiwaambia waandishi kwamba hakuna Mmarekani mjini. Dunia ilicheka. Walimtungia nyimbo na kumchapia fulana. Lakini wangapi kati ya waliocheka waliicheka pia habari ya bandari iliyotekwa mara tatu, au ile ya divisheni iliyojisalimisha bila kujijua? Uongo wa mtu usiyempenda unaonekana kutoka mbali. Ule unaokufurahisha huupokea kama mgeni uliyekuwa ukimsubiri, humwulizi ametoka wapi.

London palikuwa na magazeti mawili ya bei nafuu, yote yakisomwa na watu wa kazi, yote yakiuzwa meza moja. The Sun liliviunga mkono vita kwa moyo wote. Daily Mirror lilivipinga kwa moyo wote. Aliyenunua la kwanza alienda kazini na vita vya ukombozi. Aliyenunua la pili alienda na vita vya maangamizi. Wakakaa kwenye basi moja, bega kwa bega. Huku kwetu, maelfu ya kilomita kutoka Baghdad, ilikuwa vivyo hivyo kwenye vijiwe vya kahawa: huyu na Bush, yule na Saddam, kila mmoja na redio yake aliyoiamini, na zogo la kushangilia kama la watani wa jadi. Vijana wenye umri wa watoto wetu walikuwa wakifa kule, Wamarekani, Waingereza na Wairaki, na hesabu ya vifo vyao ilitajwa kijiweni kama hesabu ya mabao.

Ushabiki wa vita ni dhambi ya mbali. Humgharimu shabiki kitu kidogo sana, ndiyo maana ni rahisi. Aliyeko chini ya mabomu hashabikii, anatafuta maji.

Tarehe 26 Machi, siku ya tufani ya mchanga iliyoigeuza anga ya Baghdad kuwa ya rangi ya machungwa, makombora yaliangukia mtaa wa maduka katika eneo la al-Shaab. Watu wasiopungua 14 waliuawa: mafundi wa gereji, wapita njia, watu waliokuwa ndani ya magari yao. Siku mbili baadaye soko la al-Shula nalo likapigwa, na waliokufa wakahesabiwa kuwa zaidi ya 50. Serikali ya Iraki ikasema ni mabomu ya Marekani. Maofisa wa Marekani na Uingereza wakasema huenda ni makombora ya Wairaki wenyewe, yaliyorushwa angani yakarudi chini. Magazeti yakagawanyika, na katika baadhi ya miji mjadala wa nani alirusha ukachukua nafasi kubwa kuliko waliorushiwa. Mwandishi Robert Fisk wa gazeti la The Independent alikwenda. Kule al-Shula mkazi mmoja alimwonyesha kipande cha chuma kilichobaki, chenye namba na herufi zilizopigwa ubavuni, na Fisk akaziandika gazetini, tarakimu kwa tarakimu, ili anayetaka kuzifuatilia azifuatilie. Wapo waliomchukia Fisk kwa msimamo wake wa kisiasa, na hiyo ni haki yao. Lakini hapo alimpa msomaji kitu anachoweza kukikagua, na mwandishi anayekupa cha kukikagua amekuheshimu.

Jambo la picha nalo lina aibu yake. Tarehe 23 Machi Al Jazeera ilirusha picha za askari wa Marekani waliokufa na waliotekwa. Serikali ya Marekani ikapaza sauti kwamba sheria za kimataifa zinakataza kuwadhalilisha mateka. Soko la hisa la New York likawafungia mlango waandishi wa kituo hicho. Hoja ya kuwastahi mateka ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kurasa za magazeti ya Marekani, wiki hiyo hiyo, zilikuwa na picha za mateka wa Kiiraki wamepigishwa magoti mchangani, nyuso zikionekana wazi, na kelele hazikusikika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Leo kila mmoja wetu ana gazeti lake mfukoni. Unapokea picha ya maiti ya mtu usiyemjua, imelala barabarani Sudan, au Gaza, au mashariki ya Kongo, na kidole chako kinaipeleka kwa watu 200 kabla hujamaliza kuitazama. Je, ungekuwa mwili wa mama yako? Sisemi picha za vita zifichwe. Picha ya yule mvulana wa Baghdad wa miaka 12, aliyepoteza mikono yote miwili pamoja na wazazi wake, ilizunguka dunia mwezi Aprili 2003 na watu wengi wakaona kwa mara ya kwanza bomu linamfanya nini mtoto. Ilipigwa hospitalini, na mtoto huyo akapata msaada. Tofauti ipo kwenye nia na kwenye heshima, na moyo wako unaijua hata kama kidole chako hakiijui.

Nilisema nitarudi kwa waandishi. Nitaje hoteli moja, Palestine, iliyopo Baghdad upande wa mashariki wa mto Tigris, mbele ya uwanja wa Firdos. Waandishi wa kigeni wengi walikaa hapo. Asubuhi ya tarehe 8 Aprili, ofisi ya Al Jazeera, ambayo kituo hicho kilikuwa kimekwisha kuwaeleza Wamarekani mahali ilipo, ilipigwa kutoka angani, na Tareq Ayyoub akauawa. Baadaye siku hiyo kifaru cha Marekani kikafyatua kombora kwenye ghorofa ya 15 ya hoteli. Taras Protsyuk, Myukreini mpiga picha wa Reuters, akafa. José Couso wa televisheni ya Telecinco ya Hispania akafa. Jeshi likasema kifaru kilikuwa kinarushiwa risasi kutoka hotelini. Waandishi waliokuwa hotelini wakasema hawakusikia risasi yoyote.

Kesho yake, tarehe 9, mbele ya hoteli hiyo hiyo, sanamu ya Saddam ikaangushwa. Watu walianza kwa kamba na nyundo wakashindwa. Wanamaji wa Marekani wakaleta gari lao zito la kukokotea vifaru, mmoja akapanda akaufunika uso wa sanamu kwa bendera ya Marekani, ikaondolewa upesi ikaletwa ya Iraki, kisha mnyororo ukavutwa. Ndiyo picha iliyokuwa ukurasa wa mbele duniani kote tarehe 10. Zilizopigwa kwa karibu zinaonyesha umati. Zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha watu wasiotosha kuujaza uwanja, na waandishi wengi katikati yao. Furaha ya watu wale ilikuwa ya kweli; wengi walikuwa na ndugu waliopotezwa na utawala ule, na asiyewahi kuishi chini ya Saddam asiwadharau. Lakini picha ilisomwa kwamba vita vimekwisha. Havikuwa vimekwisha. Waliokufa Iraki baada ya sanamu kuanguka ni wengi mno kuliko waliokufa kabla.

Sasa angalia magazeti ya tarehe 10: sanamu ilichukua ukurasa wa mbele, na waandishi watatu waliouawa siku moja kabla yake wakasogezwa ndani. Familia ya Couso haikukubali habari yao iishie hapo. Walikwenda mahakamani Hispania, mwaka baada ya mwaka, na kila tarehe 8 Aprili wao na wenzake wamekuwa wakikusanyika mbele ya ubalozi wa Marekani mjini Madrid. Wao ni wasomaji waliokataa kufunga gazeti.

Kunyamaza nako ni kusema uongo, tena uongo mzito. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa, askari 19,240 wa Uingereza walikufa kwa siku moja. Magazeti ya Uingereza ya siku zilizofuata yalisema mambo yanakwenda vizuri. Katika mji mdogo wa Accrington, ambako vijana kama 700 wa mji huo na miji jirani walikuwa wamepelekwa mbele pamoja na zaidi ya 500 kati yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea ndani ya asubuhi moja, familia zilianza kujua ukweli kwa barua za majeruhi na minong’ono ya mtaani. Hebu fikiri mama anasoma gazeti linalosema ushindi, na kwa jirani yake mapazia yameshushwa. Mwandishi wa Daily Mail, William Beach Thomas, alikiri mwaka 1925 kwamba aliyoyaandika kuhusu siku ile yalimtia aibu kubwa. Namheshimu kwa kukiri. Akina mama wa Accrington walihitaji ukweli miaka tisa kabla.

Kuhusu sababu za vita vya Iraki, gazeti la New York Times liliandika ukurasa wa mbele, tarehe 8 Septemba 2002, juu ya mabomba ya alumini ambayo Iraki ilisemekana kuyatafuta ili itengeneze nyuklia. Silaha za maangamizi hazikupatikana. Tarehe 26 Mei 2004 wahariri wakachapa maelezo ya kukiri kwamba habari zao kadhaa hazikuchunguzwa inavyotakiwa. Walifanya vizuri kukiri; wapo ambao hawajakiri mpaka leo. Lakini maelezo yale yaliwekwa ukurasa wa 10. Habari iliyopiga hodi kwenye mlango wa mbele, masahihisho yake yakapitishwa uani. Colin Powell, aliyelihutubia Baraza la Usalama tarehe 5 Februari 2003 kuhusu silaha hizo, baadaye aliiita hotuba ile doa katika maisha yake.

Hapa ndipo wengine hukimbilia kusema, “Basi vyombo vya habari vyote ni waongo, mimi siamini chochote.” Kauli hiyo inasikika kama hekima. Ni uvivu, tena ni uvivu unaomfaa mwongo, kwa sababu asiyemwamini yeyote hawezi kumtofautisha aliyehatarisha maisha yake na aliyebuni akiwa kitandani. Mwezi ule ule ambao mabomba ya alumini yalikuwa ukurasa wa mbele New York, waandishi wa shirika la Knight Ridder, Jonathan Landay na Warren Strobel, walikuwa wakiandika kwamba ndani ya serikali wapo wataalamu wenye mashaka makubwa na ushahidi huo. Hawakuwa na chanzo cha ajabu. Walikwenda kwa maofisa wa kati, wale wanaoshughulika na mafaili, badala ya kukaa mezani kwa mawaziri. Shirika lao lilimiliki magazeti yasiyopungua 30 katika miji ya Marekani, na baadhi ya magazeti hayo hayo hayakuzichapa habari zao kwa sababu hazikufanana na za wakubwa. Ukweli ulikuwepo, umeandikwa, unauzwa kwa senti zile zile. Ulikosa wasomaji.

Lakini wapo wanaotazama kwa makini. Kuna mpiga picha wa Los Angeles Times aliyepeleka kutoka nje ya Basra picha nzuri mno: askari wa Kiingereza amenyoosha mkono, mbele yake raia wamekaa chini, baba amembeba mtoto. Ilichapwa tarehe 31 Machi 2003. Katika gazeti jingine lililoichapa, mtu mmoja aliitazama kwa nyuma, pale ambapo hakuna anayetazama, akaona baadhi ya raia waliokaa wanajirudia. Picha mbili zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Mpiga picha akafukuzwa kazi kesho yake. Nampenda yule aliyetazama nyuma ya picha. Alitumia dakika moja zaidi ya wengine.

Waislamu wanaoisoma Sura ya Al-Hujurat wanaijua aya ya 6, inayowaamuru waumini kuichunguza habari wanayoletewa, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wakristo wana amri kama hiyo katika Kutoka, sura ya 23, mstari wa kwanza, inayokataza kueneza habari ya uongo. Tunazisoma kama maneno ya ugomvi wa majirani. Lakini leo neno lako linafika mbali kuliko jirani. Vita vya mashariki ya Kongo habari zake husafiri kwa Kiswahili hiki hiki unachokisoma. Mtu wa Goma au Bukavu ana ndugu Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Bujumbura. Ukituma kwamba mji umeanguka au daraja limefungwa, na si kweli, kuna mtu ataamka usiku awabebe watoto aingie njiani kwa ajili ya ujumbe wako. Na kuna mwingine ambaye, kwa kudanganywa mara tatu, mara ya nne hatakimbia, na mara ya nne ndiyo itakuwa kweli.

Msije mkaniambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo iwe ya posa na harusi, msiipeleke vitani.

Utaniuliza, nani ana muda wa kufuatilia kila habari? Hakuna. Kwa hiyo pitisha chache. Unazoweza kuzifuatilia ni zile tu ulizo na haki ya kuzisambaza. Ukiona neno limetoka upande mmoja, subiri usikie upande wa pili umesema nini, hata kama unauchukia. Ukiona tarakimu ya waliokufa inabadilika kila saa, usiitaje kabisa; sema watu wamekufa, inatosha kwa siku hiyo. Video isiyosema ni ya lini wala ya wapi ibaki kwako. Na watoto wakiwa wanakusikiliza, usiipigie makofi habari ya mji kulipuliwa, awe anayelipuliwa nani.

Ukikuta uliloeneza halikuwa kweli, rudi pale pale uliposema, kwa watu wale wale. Kama ulilisema kijiweni, lisahihishe kijiweni, usiende kumnong’oneza mmoja. Kama ulituma kwenye kundi la ukoo, andika kwenye kundi hilo: “Ile habari niliyoituma Jumanne kuhusu mji kutekwa, imebainika si kweli. Naomba aliyeipeleka mbele awaambie aliowapelekea.” Usiongeze utetezi kwamba nawe ulitumiwa na mtu. Usisubiri uulizwe. Wapo watakaokuambia umegeuka, sasa uko upande wa adui. Waache waseme, usibishane nao. Kisha mtafute kwa simu yule mwenye ndugu kule vitani, huyo usimwachie ujumbe, zungumza naye.